Karatasi Tatu Ndani ya Kopo la Majani

Mikinduri,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mwilini sijambo. Nala, nalala, na kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu kimekwisha. Wewe je? Goti limeikubali ile dawa ya kuchua niliyokutumia, au bado unainuka kwa kushika ukuta halafu unasema huumwi? Najua utasema huumwi. Na Tima hajambo? Jino lake lililokuwa linalegea limeng'oka, au bado analisukuma kwa ulimi mchana kutwa? Mwambie mama yake anamkumbuka.

Naanza na habari yenyewe ili usisome barua nzima ukiitafuta. Sirudi Januari. Uhamisho nimeukosa. Amepewa mwalimu mwingine, na hapa shuleni hataachiliwa mtu tena mpaka waletwe walimu wa kujaza nafasi, na hao wa kujaza nafasi tunawangoja tangu nifike. Kwa hiyo Tima ataanza darasa la kwanza mimi nikiwa huku. Utampeleka wewe, na goti lako hilo.

Ningekwambia kwa simu, lakini kwa simu wewe hunikatiza. Kabla sijafika nusu utakuwa umeshasema "haidhuru mwanangu, Mungu ana mipango yake," na mimi leo nataka kufika mwisho. Nina hasira, Mama. Nina hasira na mwalimu mkuu, nina hasira na wanafunzi, nina hasira na hesabu yenyewe niliyoisomea kwa miaka yote ile huku wewe ukikaanga mahamri ili nilipiwe karo. Barua hii nampa Bwana Athumani, yule dereva wa Maua anayeteremsha miraa Mombasa. Ataiacha kwa kaka Hamisi, naye atakuletea Msambweni. Usimruhusu Hamisi aifungue.

Lazima kwanza nikueleze ninachofundisha, la sivyo utadhani baridi ya huku imenipanda kichwani.

Muhula huu kidato cha tatu nawafundisha uwezekano, yaani kupima jambo lina nafasi gani ya kutokea kabla halijatokea. Chukulia una mahamri kumi kwenye bakuli, na matatu yameungua. Tima anachukua moja bila kutazama. Nafasi ya kupata lililoungua ni tatu kwa kumi. Tuseme amelipata, kalila hivyo hivyo na uweusi wake. Sasa anachukua la pili. Bakulini hakuna kumi tena, kuna tisa, na yaliyoungua ni mawili. Basi nafasi ya safari ya pili ni mbili kwa tisa. Tunayachora haya kwenye mchoro tunaouita mti: nukta moja, matawi yanatoka, kila tawi ni jambo moja linaloweza kutokea, na juu ya tawi unaandika nafasi yake. Ukitaka kujua nafasi ya njia nzima, unazidisha ukilifuata tawi mpaka mwisho. Kazi ndiyo hiyo. Wewe ungeijua kwa siku moja, na ungenirudi kwa kuandika ovyo.

Wanafunzi wangu wanaandika kumi. Safari ya kwanza kumi, safari ya pili kumi. Huku situmii mahamri, natumia vifuniko vya soda ndani ya soksi, vyekundu na vyeupe. Natoa kifuniko mbele ya macho yao, nakitia mfukoni mwangu, nauliza, "Kimebaki ndani ya soksi?" Wanasema, "Hapana madam, kimetoka." Nawaambia haya, andikeni. Wanainama, wanaandika kumi! Nimepiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia kama kuna nyoka.

Wapo pia wanaojumlisha pale pa kuzidisha. Kuna mvulana anaitwa Mwiti, kelele nyingi, mwandiko mzuri. Alijumlisha matawi yake akapata saba kwa sita, akalipigia jibu mistari miwili kwa rula. Nikamwuliza, "Mwiti, kitu chenye nafasi ya saba kwa sita ni kitu gani?" Akafikiri, akasema, "Ni kitu sure kabisa, madam. Hiyo lazima." Darasa likacheka, nami nikacheka, na usiku nilipokuwa nasahihisha nikaona kumbe nusu ya waliocheka wana jibu hilo hilo.

Lakini hayo ni makosa ya kawaida, hata shule za kwetu yapo. Kuna kosa moja ambalo sijapata kuliona Pwani, na hilo ndilo lililoniingia mfupani.

Watu wa huku huenda kwa umri katika kila jambo. Mkutanini mkubwa husema kwanza, na chakula hupakuliwa hivyo hivyo. Baba akigawa shamba, mwana wa kwanza huchagua, anayemfuata huchagua, na kitinda mimba hapewi kuchagua, huachiwa. Na kinachoachwa mara nyingi ni kile kipande cha mawe kule chini mtoni ambako hata miraa haishiki. Ni desturi yao na ina adabu yake, sina ugomvi nayo. Sasa mimi nikawaletea swali. Watu watatu wanapiga kura. Kuna karatasi tatu zilizokunjwa ndani ya kopo, moja ina alama, mbili ni tupu. Wanachota mmoja baada ya mwingine na karatasi hairudishwi. Nani ana nafasi kubwa zaidi ya kupata yenye alama?

"Wa kwanza!" Darasa zima, kwa sauti moja, kama wimbo.

"Kwa nini?"

Akasimama Kendi. Huyu ni msichana mrefu, ana akili kuliko anavyopenda ijulikane. Kwao ni Kibirichia kwa walima viazi, lakini anakaa na shangazi yake hapa sokoni. Akasema, "Madam, wa mwisho hachoti. Wa mwisho anaachiwa."

Nikachora mti. Wa kwanza, moja kwa tatu. Wa pili anapata tu kama wa kwanza amekosa: mbili kwa tatu mara nusu, moja kwa tatu. Wa tatu anapata kama wote wawili wamekosa: mbili kwa tatu mara nusu, na iliyobaki ni yake kwa hakika, moja kwa tatu. Wote sawa! Nikawaambia, anayechagua shamba anaona, anayechota karatasi haoni, kwa hiyo kutangulia hakumpi kitu. Wakaunakili mti wangu vizuri, wakaupaka rangi, na hawakuniamini hata kidogo. Mwiti ndiye aliyelisema: "Ya mtihani ni moja kwa tatu, madam, tutaandika hivyo. Lakini kwa ground, wa mwisho hatoboi."

Nikasema sawa, tujaribu kwa mikono. Nikawagawa watatu watatu, kila kundi na kopo lake, wachote na kurudia, na nikaandika ubaoni nani amepata. Mama, siku hiyo bahati nayo ikaamua kunifanyia ufedhuli. Wa kwanza wakapata kwa wingi, wa mwisho wakapata kidogo. Wakapiga meza kwa furaha. Nikasema rudieni, mkirudia sana zitakaribiana, na kengele ikalia. Nilitoka mle darasani na chaki kwenye nywele na moyo umenifura.

Sasa sikia la uhamisho.

Tulioomba kuhama tulikuwa watatu. Mwalimu Njiru wa fizikia, mtu mzima, anakaribia kustaafu, kwao ni Siakago, kule Embu upande wa Wambeere. Mwalimu Wekesa wa kemia, wa Bungoma. Na mimi. Ofisi ya elimu ikajibu kwamba shule moja haiwezi kupoteza walimu watatu kwa mpigo. Itaachia mmoja, na mwalimu mkuu ndiye atakayesema ni nani. Ungetaraji mtu akae apime. Njiru akipanda gari mapema anakula chakula cha mchana kwake. Mimi nikipanda gari nafika kwako siku ya pili miguu imevimba, nakaa na mwanangu kidogo tu kabla ya kugeuza. Tima alipokuwa na surua niliangalia madoa yake kwenye picha ya simu. Lakini mwalimu mkuu wetu ni mzee wa kanisa na anaogopa lawama kuliko anavyoogopa mkaguzi. Mara ya mwisho alipochagua mwenyewe, walimu walimnunia muhula mzima. Akatuita akasema, "Walimu, mimi sitaki mtu aseme ati nilipendelea nani. Hii kitu tuachie Mungu. Tupige kura."

Damu ilinichemka. Kisha nikajituliza, nikasema moyoni, angalau kura haijui sura ya mtu. Moja kwa tatu si haba. Nilikwenda zangu nikanunua utepe wa nywele wa Tima pale sokoni, wa rangi ya samawati kama sare yake. Umo ndani ya bahasha hii.

Shule haina siri. Siku moja kabla ya kura Kendi alileta madaftari ya darasa, akayaweka mezani, na badala ya kuondoka akasimama.

"Madam, tumeskia mnachota kesho."

"Nani kawaambia?"

"Madam, wewe enda wa kwanza. Please. Wakikuweka nyuma, kataa."

"Kendi, nafasi ya wa kwanza ni ngapi?"

"Moja kwa tatu."

"Na ya wa mwisho?"

"Moja kwa tatu." Akatazama viatu vyake. "Lakini wewe enda wa kwanza."

Nilimfukuza, Mama. Kwa upole, lakini nilimfukuza. Muhula mzima nimechora, nimezidisha, nimetia vifuniko kwenye soksi, na mtoto anayeijua kuliko wote anakuja kuniambia hivyo uso kwa uso.

Kura ilipigwa wakati wa chai, mbele ya walimu wote. Mwalimu mkuu alichukua kopo la majani chai la ofisini, akamwaga majani kwenye sahani, akatia karatasi tatu. Moja ilikuwa imeandikwa NENDA. Akaomba kwanza, kwa Kiswahili, na alipofika kwenye mambo mazito akahamia Kimeru. Akatikisa kopo. Akasema tutafuata umri: Njiru, kisha Wekesa, kisha mimi. Hakuna aliyeshangaa.

Njiru alisimama, lakini hakwenda kwenye kopo. Alivua kofia. Akasema, "Mwalimu mkuu, mimi naomba huyu madam aanze. Yeye ako na mtoto mdogo, na kwao ni mbali sana. Mimi nitakuwa wa mwisho, hakuna shida."

Walimu wakanong'ona. Kwao lile lilikuwa jambo kubwa, ni kama mwana wa kwanza kumwambia mdogo wake achague shamba. Na Njiru naye ana yake: mama yake haamki kitandani, na anayemgeuza ni mke wa jirani. Mwalimu mkuu akaguswa. "Hiyo ni roho nzuri, mwalimu. Madam Riziki, unasema aje?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nakula yamini, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini niliinua macho, na dirishani nikaona pua zimebanwa kwenye kioo. Mwiti, Kendi, na nusu ya kidato cha tatu. Walikuwa wananitazama mimi, si kopo. Nikaona nikisimama sasa niende wa kwanza, nitakuwa nimefuta ubao mzima kwa mkono mmoja. Wataniambia, kumbe hata wewe huamini. Na kweli, nilijiambia, kwa nini niende? Nafasi ni ile ile, nitampokonya mzee heshima yake bure, kwa faida isiyokuwepo.

Nikasema, "Asante sana Mwalimu Njiru, lakini haina tofauti. Tufuate umri."

Njiru akanitazama. "Una uhakika, madam?"

"Nina uhakika."

Akavaa kofia yake, akaenda, akaingiza vidole viwili, akatoa karatasi. Ilikuwa na vumbi la majani. Akaifungua, akaigeuza tuione. NENDA.

Wekesa hakutaka hata kuchota. Mwalimu mkuu akalazimisha zote zifunguliwe ili pasiwe na maneno. Nikachukua yangu, nikaifungua, tupu, nikaikunja tena vizuri kama mtu atakayeihitaji. Dirishani hapakuwa na mtu tena. Mwalimu mwenzangu mmoja akanipita akasema polepole, "Lakini Riziki, ulipewa." Na mwingine, "Ulikuwa umepewa mkononi." Nilijikaza kisabuni mpaka nilipofika chooni.

Mama, nakuomba unielewe hapa, hata kama ile ya bakuli la mahamri hukuielewa. Hesabu iko upande wangu. Ningeanza, mkono wangu si mkono wa Njiru. Ningeweza kushika karatasi nyingine. Mara mbili kwa tatu ningekosa vilevile, na sasa ningekuwa nakuandikia barua hii hii. Nilichokataa hakikuwa na thamani yoyote. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Lakini ile karatasi ilikuwa juu. Njiru hakuchimba. Aliingiza vidole, akachukua ya juu, basi. Na mimi huchukua ipi nikitia mkono kwenye kopo? Nimejiuliza hilo nikifua, nimejiuliza nikipika wali wangu wa mtu mmoja. Sina hakika. Pengine ningechukua ya juu. Pengine ningechimba, kwa sababu najifanya mjuzi. Kwenye mti wangu hakuna tawi la hilo. Kabla kopo halijatikiswa nilikuwa na moja kwa tatu, na baada ya kutikiswa kulikuwa na karatasi moja tu juu, na mimi niliambiwa njoo uchukue nikakaa kwenye kiti.

Kesho yake Njiru alinifuata hadi ninapopanga, kabeba mfuko wa ndengu za kwao. Hakukubali kuketi.

"Madam, mimi nilikwambia uanze."

"Najua, mwalimu."

"Sasa mimi nitaenda nyumbani aje na roho safi? Watu wanasema nilikunyang'anya."

"Hukuninyang'anya. Ingeweza kuwa yeyote."

"Hiyo hesabu yako," akasema, na akatikisa kichwa, si kwa dharau, kwa huruma. "Hiyo hesabu yako, madam, ni ngumu sana."

Nikamwambia aende salama, mama yake anamngoja. Nilitaka nimchukie hata kidogo, nikashindwa, na kushindwa huko nako kunanikera. Ndengu nimezipika kwa nazi ya pakiti. Hazikuwa mbaya.

Nilikawia kuingia kidato cha tatu, nikawapa kazi kupitia kiranja mpaka ikawa aibu. Nikaingia. Mwiti akainua mkono. Nikajua anachotaka kusema.

"Madam, si tulikwambia?"

"Njoo ubaoni," nikasema. "Nichoree."

Kendi ndiye aliyetoka, bila kuitwa. Akachukua chaki. Hakuandika A na B kama tunavyofanya siku zote. Aliandika majina: Madam, Njiru, Wekesa. Aliniweka mimi wa kwanza. Akatoa matawi yangu mawili, moja kwa tatu napata, mbili kwa tatu nakosa. Akaligusa lile tawi la pili kwa chaki.

"Madam," akasema, "hata ungeanza, hapa ndipo pakubwa. Hapa ungekosa." Akawageukia wenzake, akaanza kuzungumza haraka, nusu Kiswahili nusu Kimeru. "Muone. Mbili kwa tatu angekosa tu. Na huku nyuma, akiwa wa mwisho, mbili kwa tatu anakosa tu. Ni hiyo hiyo. Kuanza hakungemsaidia. Si makosa yake!"

"Lakini ya Njiru ilikuwa na NENDA," akasema mmoja.

"Hiyo ni baadaye! Wewe unasoma karatasi ikiwa imeshafunguliwa. Mti unachorwa ikiwa imekunjwa."

Mama, sijawahi kulisema vizuri hivyo mwenyewe. Nilitafuta maneno hayo tangu muhula uanze. Nikaona vichwa vikiinama, madaftari yakifunguliwa, wakichora na jina langu kwenye matawi, na safari ya pili wakaandika nusu, si moja kwa tatu. Waliandika nusu! Hata Mwiti aliandika, ingawa alinung'unika kwamba yeye bado angeanza. Walinionea huruma, na huruma ikawafundisha kile ambacho vifuniko vya soda vilishindwa. Kendi akarudisha chaki na kunitazama kama mtu aliyeniletea dawa. Alitaka nifurahi.

Nilisema, "Vizuri sana, Kendi. Keti." Nikaweka alama ya sahihi kubwa ubaoni. Kisha nikawapa kazi ya kurasa mbili, nikasimama dirishani nimewapa mgongo, kwa sababu darasa zima lilikuwa limeamini na mimi imani hiyo nilikuwa sina tena.

Basi ndiyo habari yangu. Mvua haijakatika, matope mekundu yameua viatu vyangu vyote viwili, na walimu wameacha kunizungumzia wanazungumzia mtihani. Nitaomba tena mwakani. Sijui kama watapiga kura au watapima. Ukiniuliza, siku hizi sina ninalolipendelea.

Nisalimie kaka Hamisi, na umwambie ahsante kwa kubeba, na kwamba bahasha nimeibandika gundi nitajua akiifungua. Nisalimie shangazi Mwanasha aliyekwisha kushona sare ya Tima. Asiipunguze, mtoto atarefuka. Nisalimie Bi Rukia jirani anayekuchotea maji goti likikataa, na maalim wa chuo cha Kurani anayemvumilia Tima na maswali yake. Wewe mwenyewe nakubusu mikono. Usiamke alfajiri kukaanga siku ya kwanza ya shule. Acha wateja wakose mahamri siku moja, umpeleke mtoto umemshika mkono.

Na atakapokuuliza mimi niko wapi, mwambie kazi imenizuia. Mwambie wanafunzi wa mama yake walikuwa hawajamaliza. Lakini usimwambie niliambiwa nianze nikakataa. Hesabu hajaanza kujifunza, hataelewa. Na mimi ninayeifundisha, Mama, nimeshindwa kujieleza.

Mwanao,
Riziki